Uliza Yaya: Nimemaliza uuguzi, nataka dharura, lakini kila mlango una bei yake

Jambo sana Yaya,

Mimi ni dada wa miaka 24, nakaa Katuba kwa mjomba wangu. Mwaka huu nimemaliza licence (shahada ya kwanza) ya uuguzi katika shule moja ya tiba hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Diploma yenyewe bado haijatoka. Niko na cheti cha muda na karatasi ya pointi. Tangu mwaka wa pili kitu ninachotaka ni kimoja: dharura. Mtu anaingizwa anavuja damu, watu wote wanapiga kelele, na kuna mama mmoja muuguzi hasemi neno, mikono yake tu ndiyo inakwenda. Kazi ninayoitaka ni ile.

Shida ni kwamba kuifanya sijaifanya. Staji (mafunzo ya vitendo) ya dharura nilipewa kwenye hospitali kubwa, tukawa wanafunzi wa shule mbalimbali tumezunguka kitanda kimoja kama watu wa matanga. Pesa ya staji tulilipa, glovu tulinunua wenyewe, halafu kazi yangu ikawa kupima joto, kupeleka damu maabara na kuonyesha familia mahali pa kulipa. Seromu (dripu) nilizoweka kwa mkono wangu zinahesabika. Daftari langu la staji limejaa sahihi, lakini Yaya, sahihi nyingine ni za vitu nilivyoviona kwa mbali.

Nimepeleka dosie (faili ya maombi) huku na huku, wanaipokea, wanasema "tutakuita". Polikliniki moja ya kibinafsi imenikubali: nianze kama "staji ya kitaalamu", bila mshahara, pesa kidogo ya usafiri, "mpaka tukuone". Nilipouliza mpaka lini, shefu alicheka. Kuna mwenzangu pale, alinitangulia promosyoni moja shuleni. Mpaka leo "wanamwona".

Halafu kuna bwana mmoja wa kanisani kwetu, anasema ana mtu ndani ya mgodi upande wa Kolwezi, wanatafuta wauguzi wa dharura, mshahara ni wa dola, chakula na malazi juu yao. Anataka dola 300 za "kufungua dosie". Mama yangu yuko Kamina, amesema atauza mashine yake ya kushona. Mjomba naye anasema niache, nishirikiane naye biashara yake ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, maana uuguzi siku hizi ni kazi ya kuombaomba.

Tena mimi ni mfupi, mwembamba. Wanaume wa dharura waliniambia pale panataka nguvu, niende kwa watoto.

Nikubali polikliniki? Nitoe zile dola? Na mtu anafikaje dharura kama hakuna anayemwachia nafasi?

Mdogo wako wa Katuba

*

Mdogo wangu,

Nianze na dola 300, maana naogopa mashine ya mama itauzwa kabla hujafika mwisho wa jibu langu. Usitoe. Hata franga moja. Kampuni inayohitaji muuguzi ndiyo inayogharamia: inakulipia vipimo vya afya, inakupa mafunzo ya usalama kabla hujaingia kazini, inakupa viatu na kofia. Haitumi mtu kukusanya pesa baada ya ibada. Ukitaka kumaliza bila kugombana na mtu wa kanisa, mwombe kwa heshima jina la kampuni na tangazo la kazi lenye tarehe. Akianza kuzunguka, mshukuru, mwambie pesa ya mama imepata shughuli nyingine. Kisha mpigie mama leo hii, aendelee kushona.

Sasa polikliniki.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, Code du travail ya 16 Oktoba 2002, inakijua kipindi cha majaribio. Kinaandikwa kwenye karatasi, na kwa mtu mwenye ufundi kama wewe hakipiti miezi 6. Kikipita na bado wanakutumia, mkataba umeshathibitika wenyewe. Na mtu aliye kwenye majaribio analipwa. Ndiyo maana hawakukuambia "majaribio". Wamekuambia "staji ya kitaalamu", neno ambalo halina mwisho, halina mshahara, na hakuna anayekuja kuliulizia. Mwenzako "anayeonwa" anafanya zamu nzima, na mgonjwa anayechomwa sindano na yeye analipa bei ileile ya yule anayechomwa na muuguzi mwenye mkataba. Hiyo pesa inaingia mfuko wa mtu.

Hata hivyo sikuambii ukatae moja kwa moja. Kuna polikliniki zinazofundisha, na kuna zile zenye vigae vinavyong'aa ambazo kila anayeletwa akivuja damu wanamgeuzia getini, wanamwandikia karatasi aende Sendwe, hospitali kubwa ya mji. Kwenye hizo za pili utakaa mwaka mzima ukipima presha. Kuzitofautisha si kazi, wala huhitaji kumuuliza daktari: muulize sentineli. Yeye ndiye anayefungua geti usiku. Pita jioni, msalimie, ongea naye. Ajali za pikipiki wanazipokea au wanazirudisha? Mtoto wa degedege je? Umeme ukikatika jenereta inawaka, au inamsubiri mwenye ufunguo? Chupa ya oksijeni inabadilishwa, au imesimama pale kama pambo? Sentineli hana sababu ya kukuremba maneno, na mara nyingi anajua pia nani analipwa na nani halipwi.

Majibu yakikuridhisha, nenda kwa shefu na karatasi uliyoiandika mwenyewe, nusu ukurasa inatosha: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza miezi 3 baadaye, idara ya dharura na si kwingine, zamu ngapi kwa wiki, usafiri kiasi gani, na mwishoni ama mkataba wa majaribio ama barua ya utumishi yenye sahihi na muhuri. Akikataa kutia sahihi kwenye tarehe ya mwisho, amekujibu. Aga kwa adabu, toka.

Lakini swali lako kubwa ni lile la tatu, na naona unalitafutia jibu kwenye majina ya hospitali. Tafuta saa. Dharura ya mji huu inaingia usiku, inaingia Jumapili jioni, siku ya mechi, siku ya mshahara. Asubuhi mlipokuwa mmezunguka kile kitanda, pale kulikuwa na madaktari, wasimamizi na wanafunzi wa kila rangi ya blauzi. Hata mimi nisingekuachia sindano. Katika hospitali ileile usiku wa manane wanabaki wauguzi wachache, na daktari pengine yuko chumba cha upasuaji. Muuguzi aliye peke yake na majeruhi watatu hakuulizi umetoka shule gani. Anakuambia shika hapa.

Wanafunzi wengi wanazikwepa zamu za usiku kwa ajili ya usafiri na wezi, na kwa dada anayetoka Katuba hofu hiyo si ya kuchekwa. Kwa hiyo chukua usiku mzima: uingie kabla giza halijaingia, utoke kumekucha. Zamu inayokwisha saa tano usiku usiikubali, hata wakikubembeleza.

Tena si lazima iwe Sendwe wala Cliniques Universitaires, ambako kila shule inapeleka watu wake. Hospitali za rufaa za zone za afya na vituo vikubwa vya komini, Katuba yako, komini ya Kenya, Ruashi, mvua zikichanganya zinajaa watoto wenye malaria kali na upungufu wa damu, na wanafunzi pale ni wachache. Halafu kuna barabara. Ile ya Kasumbalesa, kilometa kama 90, na ile ya Likasi mpaka Kolwezi, malori hayalali. Vituo vilivyo kandokando yake vinapokea majeruhi kabla mjini hatujasikia lolote, na mara nyingi anayewapokea ni muuguzi, daktari atakuja baadaye.

Unapokwenda hospitali ya serikali, elewa kwanza wenzako wanaishije. Wauguzi wengi unaowaona pale hawana namba ya matricule (namba ya mtumishi wa serikali), au wanayo na mshahara haujawahi kuwafikia. Ndio wale wanaoitwa nouvelles unités. Wanagawana prime (posho) inayotoka kwenye malipo ya wagonjwa. Ukija na barua ya "kuomba kazi", machoni pao umekuja kupunguza kipande cha kila mmoja, na watakuambia "tutakuita" mpaka nywele zitoke mvi. Usiombe kazi. Omba zamu mbili za usiku kwa wiki, kwa miezi mitatu, na barua umwandikie DN, mkurugenzi wa wauguzi. Daktari mkurugenzi ataiweka tu chini ya barua nyingine. DN ndiye mwenye orodha ya zamu, na ndiye anayejua ni usiku gani ana mtu mmoja kwa chumba kizima.

Mchana utafute pesa: kituo cha afya cha mtaani, famasi, kubadilisha bandeji nyumbani kwa wazee. Sisemi ni haki mtu mwenye licence aishi hivyo. Nchi inayolia kila siku kwamba haina wauguzi, halafu inawaacha wauze vocha za simu, ina mambo ya kujibu. Ila kuna tofauti na ile polikliniki: hapa mwisho umeuweka wewe, na unajua unatoka na nini.

Ukishaingia, usingoje kutumwa. Jioni ya kwanza mwombe muuguzi mkubwa wa zamu akuruhusu kukagua kigari cha dharura. Ambu (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa) ipo? Ukiuminya mfuko wake unarudi? Maski ya mtoto mchanga ipo, au ya mtu mzima peke yake? Mashine ya kunyonya makohozi inavuta, au inanguruma tu? Oksijeni, mshale wa geji umesimama wapi? Adrenalini, diazepamu, glukozi ya asilimia 50, tarehe zao zinasemaje? Andika, mpe. Kesho jioni tena. Katika hospitali zetu kigari hicho mara nyingi kinafungwa kwa kufuli, na ufunguo umekwenda kulala na mtu nyumbani kwake. Ukiwa wewe ndiye unayejua kila jioni kilichomo na ufunguo uliko, hawatakuita tena "wewe wa staji". Watakuita jina lako, tena kwa sauti kubwa, saa nane za usiku.

Na soma. Shirika la Afya Duniani, OMS, pamoja na CICR, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, walitoa mwaka 2018 kozi ya huduma za msingi za dharura, na kitabu chake kinapatikana bure kwenye intaneti, Kifaransa kipo. Njia yake ndiyo ileile ya herufi A, B, C, D, E: njia ya hewa, kupumua, damu kuzunguka, akili na fahamu, kisha kumvua nguo uone yaliyofichika. Iweke kichwani mpaka uifuate hata ukiwa na usingizi. Jiandikishe pia kama mwokoaji wa kujitolea katika Msalaba Mwekundu. Wanafundisha huduma ya kwanza kwa vitendo, na kwenye mikusanyiko mikubwa ndio wanaosimama na machela.

Sasa nikuonyeshe swali ambalo mimi ningekuuliza kwenye usaili. Hakuna shefu mwenye akili anayekuuliza maana ya dharura, anakupa mgonjwa. Mama ameingia mbio na mtoto wa kilo 10, homa siku 3, degedege, macho yamepanda juu. Unafanya nini?

Wengi wanarukia dawa ya malaria: "Artesunate!" Hapo wameshapoteza. Mlaze ubavu, safisha njia ya hewa, oksijeni kama ipo, tazama anavyopumua, tafuta mapigo, zima degedege kwa diazepamu, choma kidole upime sukari pamoja na malaria. Sukari iko chini? Anahitaji glukozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, yaani mililita 50. Kabatini kuna ya asilimia 50 tu. Unavuta mililita 10 za hiyo, unaongeza mililita 40 za maji ya sindano, umepata 50 zako. Ndipo artesunate inapofika: mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo huyu ni miligramu 30. Chupa ya miligramu 60 unaiyeyusha kwa mililita 1 ya bikaboneti yake, unaongeza mililita 5 za seromu ya chumvi, kila mililita inabeba miligramu 10. Unavuta 3, unasukuma polepole mshipani, unaandika saa. Dozi ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza.

Shefu anayekusikiliza ukiyasema hayo kwa mpangilio, bila kuchungulia simu, hataangalia urefu wako. Na kwa kuwa umeutaja: mgonjwa wa kilo 90 hainuliwi na muuguzi mmoja hata awe bondia. Anainuliwa kwa shuka, watu wanne, na mmoja anayehesabu. Kukandamiza kifua ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, na kanuni inataka mpokezane kila dakika 2 kwa sababu kila mtu anachoka, na mwenye misuli naye. Wewe unachohitaji ni kibao cha kupanda ili mabega yako yawe juu ya mikono. Kidai bila haya. Hao waliokuambia uende kwa watoto, nao waulize usiku wa mvua ni nani anayejaza vitanda vyao vya dharura, kama si watoto.

Kuhusu lile daftari lenye sahihi za kuona kwa mbali: usilitegemee. Siku moja mtu atafungua ukurasa wa "kushona jeraha" na kukupa uzi. Chukua karatasi safi, igawe mara tatu: nilichofanya peke yangu, nilichofanya nikisimamiwa, nilichokiona tu. Iambatanishe na CV, na ijaze upya kila mwezi wa zamu zako za usiku. Ni vyeti vichache nilivyowahi kuviamini kuliko karatasi ya namna hiyo, hasa ile safu ya tatu ikiwa ndefu mwanzoni na inazidi kupungua.

Makaratasi mengine nayapita haraka. Ordre des Infirmiers, baraza la wauguzi, iliyoundwa kwa sheria namba 16/015 ya 15 Julai 2016: jiandikishe, bila jina lako kwenye orodha yake huna haki ya kufanya kazi hii. Kadi ya mtafuta kazi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira: matangazo mengi yanaidai. Nakala za cheti na pointi zilizothibitishwa komini. Zile za asili zisitoke nyumbani kwa mtu yeyote. Matangazo yasome kwenye mediacongo.net na ReliefWeb, na upitie valve (mbao za matangazo) za Division ya afya (ofisi ya afya ya mkoa) na za hospitali, kwa sababu nafasi za muda mfupi mara nyingi zinabandikwa pale asubuhi na kuondolewa jioni. Kipindupindu kikizuka, au surua kama ile ya 2019 iliyoua zaidi ya watu 6,000 nchini, mashirika yanachukua wauguzi kwa haraka sana, na anayechukuliwa ni yule ambaye dosie yake iko tayari ndani ya mfuko wa plastiki. Kituo cha kipindupindu ni shule nzuri ya kutafuta mshipa kwa mtu aliyekauka maji.

Ya migodi sasa, kwa sababu ndoto yenyewe si mbaya, ni mlango tu uliokuwa wa uongo. Zahanati za migodini zipo, na mara nyingi anayeajiri ni kampuni ya tiba iliyochukua kazi hiyo kwa mkataba. Soma jina lililo chini ya tangazo. Watataka uzoefu wa dharura, cheti cha kufufua moyo ambacho muda wake haujaisha, Kiingereza kidogo, na mtu anayeweza kuishi kambini wiki kadhaa mfululizo. Siku nyingi utapima presha za madereva. Halafu siku moja itakuwa kama ile ya Februari 2019 karibu na kijiji cha Kabwe, njia ya Kolwezi, lori lililobeba asidi ya salfa lilipogongana na magari mengine na watu wengi wakafa. Asidi hiyohiyo inapita kila siku. Kabla hujaenda kwenye usaili wowote wa huko, jua kuungua kwa asidi: jikinge wewe kwanza, mvue majeruhi kila kitu, maji yatiririke mengi tena kwa muda mrefu, macho usiyasahau, na usijaribu kuipoza asidi kwa dawa nyingine. Ila hiyo iwe kazi yako ya pili au ya tatu. Ukianzia huko utakuwa peke yako na majeruhi kabla hujawahi kusimama karibu na aliyewazoea.

Kuna mlango ambao hukuutaja, labda kwa sababu ndio ulikotoka. Kamina. Kila aliyemaliza anataka kubaki Lubumbashi, wote wanasukumana mbele ya hospitali zilezile. Huko kwenu mwenye licence si wa kusimama nyuma ya kitanda. Anapewa chumba, mara nyingine mapema kuliko anavyotaka. Utakula bukari (ugali) ya mama, kodi hutalipa. Ubaya wake ni kwamba wa kukurekebisha ni wachache na vifaa ni vichache, kwa hiyo usiende kabla ya miezi yako mitatu ya usiku hapa. Ukienda, uliza pia hospitali za madhehebu. Zile za Kikatoliki kwa kawaida zinasimamiwa na BDOM, ofisi ya tiba ya jimbo la Kanisa, na huko mshahara hata ukiwa mdogo unajulikana ni kiasi gani na unatoka lini.

Mjomba usibishane naye. Anakulisha, na hajakosea anaposema umekuwa ukiombaomba. Mwombe muda wenye tarehe, hiyo hiyo miezi mitatu, umwambie utakachokuwa umekipata. Na safari moja ya Kasumbalesa kubali, tena kwa moyo mmoja, umsaidie mzigo. Akiwa anahesabiana na wenye mali, wewe nenda kwenye hospitali ya pale mpakani, uliza nani anapanga zamu za wauguzi, mpe barua yako. Iwe katika nakala mbili: moja anabaki nayo, ya pili akugongee muhuri wa kupokea, na tarehe, na urudi nayo. Kama hana muhuri siku hiyo, aandike jina lake na saa kwa kalamu, inatosha.

Yaya